Bosentani katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam: dawa nzuri isiyokamilika ndani ya boksi lake

Dawa ninayoipitia hapa ni bosentani, vidonge vya miligramu 62.5 na 125 vinavyotumika kutibu shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu. Huinunua kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Manzese, na ni mimi ninayetunza faili lake la vipimo. Maoni yangu juu ya dawa hii ni mazuri, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza kwa kirefu. Sehemu kubwa ya dawa hii haimo ndani ya boksi: imo katika vipimo vinavyotangulia kidonge cha kwanza na katika vipimo vinavyofuata kila mwezi. Anayenunua vidonge na kuviacha vipimo amelipa bei nzima kwa nusu ya matibabu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomlinda.

Kuna jambo linalowachanganya wengi na ambalo ni vema kulimaliza mapema. Mtu wa mjini hapa akisikia presha hufikiria ile inayopimwa kwa mkanda wa mkononi, na akiambiwa kwamba fulani ana presha ya mapafu humshauri apunguze chumvi na kupumzisha mawazo. Mishipa inayohusika hapa ni mingine kabisa. Upande wa kulia wa moyo huisukuma damu kwenda mapafuni kwa nguvu ndogo, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya aliyepumzika wastani wake ni kiasi cha milimita 14 za zebaki. Tangu mwaka 2018 wataalamu wanahesabu kuwa ni ugonjwa wastani huo unapozidi 20, ambapo zamani mpaka ulikuwa 25. Mkanda wa mkononi hauoni lolote katika hayo. Mdogo wangu alipimwa mkono kwa miaka mingi na kila mara akaambiwa yuko sawa, huku hawezi kupanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu bila kusimama katikati, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba ili wapita njia wasimwone anavyohema.

Bosentani haipunguzi maji mwilini wala haizuii damu kuganda, kama baadhi ya wauzaji wanavyoeleza. Utando mwembamba unaofunika mishipa ya damu kwa ndani hutengeneza kemikali iitwayo endothelini, ambayo Masashi Yanagisawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani waliitangaza mwaka 1988. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 21 tu, lakini ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu kubwa zaidi ya kubana mishipa vinavyotengenezwa na mwili wenyewe. Kwa mgonjwa wa shinikizo la mapafu huwa nyingi kupita kiasi: hubana mishipa midogo ya mapafu na, jambo lililo baya zaidi, huchochea seli za misuli ya kuta zake ziongezeke, njia ya damu ikazidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka. Hufanya hivyo kwa kushika vipokezi vya aina mbili, A na B. Kipokezi cha A kiko kwenye misuli ya mshipa na kazi yake ni kubana. Kipokezi cha B kina tabia mbili, kwa kuwa kikiwa kwenye misuli hubana, ilhali kikiwa kwenye utando wa ndani husaidia kuutanua mshipa na kuiondoa endothelini katika damu. Bosentani huvikalia vyote viwili, endothelini ikakosa pa kushika. Ambrisentani, iliyokuja baadaye, huelemea kipokezi cha A. Kwa nadharia, kukiacha kipokezi cha B kiendelee na kazi yake nzuri kungekuwa bora, lakini katika tiba yenyewe ubora huo haujaonekana waziwazi, na mimi singeongeza hata shilingi kwa sababu ya hoja hiyo peke yake.

Ili kuitendea haki dawa hii ni lazima kukumbuka kilichokuwapo kabla yake. Katika kumbukumbu za wagonjwa zilizokusanywa Marekani miaka ya 1980, nusu ya waliokuwa na aina ya ugonjwa huu isiyo na chanzo kinachojulikana hawakufikisha miaka 3 baada ya kugunduliwa. Mwaka 1995 nchi hiyo iliidhinisha epoprostenoli, dawa yenye nguvu kweli, ila huingizwa kwenye mshipa mkubwa usiku na mchana kwa pampu ambayo mgonjwa hutembea nayo, na ile ya mwanzo ilihitaji kuwekewa barafu ili isiharibike. Mwenye kujua umeme wa mtaani kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Bosentani, iliyotolewa na kampuni ya Actelion ya Uswisi kwa jina la Tracleer na kuidhinishwa Marekani Novemba 2001, ilikuwa dawa ya kwanza ya kumeza kwa ugonjwa huu. Inakaa kabatini katika joto la kawaida, inamezwa asubuhi na jioni, kabla au baada ya chakula. Kwa mwalimu anayepaswa kuwa darasani saa moja na nusu, urahisi huo ni sehemu ya tiba.

Je, inafanya kazi kiasi gani? Utafiti uliojulikana kwa jina la BREATHE-1, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia wagonjwa 213 kwa wiki 16, na tofauti kati ya waliopewa bosentani na waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa mita 44 katika kipimo cha kutembea kwa dakika sita. Kwa aliye mzima mita 44 ni umbali wa kumsindikiza mgeni hadi getini. Nami niliposoma takwimu hiyo kwa mara ya kwanza niliiona ndogo mno kwa fedha zinazodaiwa, hadi niliposhuhudia kipimo chenyewe. Hufanyika katika korido ya hospitali, kati ya alama mbili zilizobandikwa sakafuni, muuguzi akiwa na saa mkononi na mgonjwa akiwa amebanwa kidoleni kifaa cha kupima oksijeni. Hakuna kukimbia, hakuna kuzungumza, na mgonjwa akichoka huruhusiwa kusimama lakini saa haisimami. Kabla ya dawa mdogo wangu aliegemea ukuta dakika ya nne na hakuondoka hapo. Baada ya miezi kadhaa ya dawa alitembea polepole hadi saa ikaisha, akageuka mwenyewe kwenye alama ya mwisho bila kushikwa mkono. Karatasini tofauti ni mita chache. Nyumbani tofauti ni kwamba anaoga na kuvaa bila kukaa kitandani katikati ya shughuli hiyo, na ngazi za daraja anazipanda, taratibu, bila ile hila ya mkoba.

Matokeo hayo hayaji haraka. Wiki nne za kwanza humezwa kidonge cha 62.5 mara mbili kwa siku, kisha dozi hupandishwa hadi 125 mara mbili kwa siku ikiwa ini limevumilia, na nafuu huonekana kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Mwezi wa kwanza ulimletea mdogo wangu maumivu ya kichwa, uso kupata joto na miguu kuvimba zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa, mambo ambayo karatasi ya maelezo inayataja yote. Ningependa wauzaji wawaambie wateja hivyo mapema, kwa sababu anayetarajia nafuu ya haraka akapata kichwa kuuma huiacha dawa kabla haijaanza kumsaidia.

Chanzo cha ugonjwa wa mdogo wangu ni tundu la moyo alilozaliwa nalo ambalo halikuzibwa utotoni. Damu ilipita tunduni kwa miaka na kuyaelemea mapafu hadi mishipa yake ikawa migumu, mkondo ukageuka, na sasa damu isiyo na oksijeni huvuka kwenda mwilini, ndiyo maana midomo na kucha zake huwa na weusi wa kibuluu. Tundu lililofika hatua hiyo halizibwi tena. Kwa wagonjwa wa namna hiyo bosentani ina sifa ya pekee: iliwahi kujaribiwa kwao mahususi, katika utafiti wa BREATHE-5 uliochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 54, nao waliongeza mwendo bila oksijeni yao kushuka, jambo lililokuwa likihofiwa sana. Masitentani, dawa nyingine ya kuzuia endothelini ambayo ni mpya na ghali zaidi, ilipojaribiwa kwa wagonjwa kama hao katika utafiti wa MAESTRO haikuongeza umbali wa kutembea kuliko vidonge visivyo na dawa. Nayasema haya kwa sababu nilishawahi kushauriwa kaunta niache dawa ya zamani nichukue mpya, kana kwamba ni simu.

Sasa nije kwenye ini. Katika majaribio ya awali, takriban mtu mmoja kati ya kila tisa waliotumia bosentani alipandisha vimeng'enya vya ini, vitu vinavyoongezeka katika damu ini likiumia, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Kwa kawaida mgonjwa hasikii chochote. Macho hayawi ya njano, tumbo haliumi, na hakuna namna ya kujua isipokuwa kwa kutoa damu. Ndiyo maana agizo ni kupima ini kabla ya kuanza na kila mwezi kwa muda wote wa matumizi, pamoja na kupima wingi wa damu baada ya mwezi wa kwanza na wa tatu, kisha kila baada ya miezi mitatu. Vimeng'enya vikizidi mara tatu, daktari hurudia kipimo, na vikithibitika hupunguza dozi au kuisimamisha kwa muda. Vikizidi mara nane, dawa huachwa na hairudiwi tena. Wengi wanaogundulika mapema, ini lao hurudi katika hali yake dawa ikisimamishwa. Kipimo hiki ni cha kawaida sana katika maabara za jiji hili na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya vidonge, hivyo sioni udhuru wa kukiruka.

Hapa ndipo maduka yanapotofautiana. Duka moja la katikati ya jiji, lenye viyoyozi na foleni fupi, huniuzia boksi kwa kuangalia jina la dawa kwenye cheti, na mara moja hata cheti hakikutazamwa. Duka la pili ni dogo, linaendeshwa na mfamasia mama wa makamo ambaye kila tukionana tunasalimiana kwanza kwa kirefu. Mara ya kwanza nilipoagiza bosentani kwake alivaa miwani, akasoma cheti chote, kisha akaniuliza, "Mwanangu, majibu ya ini ya mwezi huu yako wapi?" Nikamjibu, "Yapo nyumbani, mama, kwenye faili." Akasema bila ukali wowote kwamba boksi litaningoja. Niliporudi na faili aliyasoma, akaandika tarehe katika daftari lake, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna muuzaji mwingine aliyewahi kuniuliza: kama mgonjwa anatumia vidonge vya sukari.

Swali hilo lina uzito mkubwa hapa kwetu. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari iliyozoeleka sana nchini, hairuhusiwi kabisa kutumiwa pamoja na bosentani, kwa kuwa zote mbili huzuia njia ambayo ini hutumia kutoa chumvi za nyongo, na zikikutana madhara huongezeka. Saiklosporini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili kwa watu kama waliopandikizwa figo, nayo ni marufuku. Rifampisini, inayotolewa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, huvuruga kiwango cha bosentani mwilini. Ritonaviri, inayopatikana katika baadhi ya michanganyiko ya dawa za kupunguza makali ya VVU, hukipandisha. Na bosentani yenyewe hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa za mitishamba sizihukumu zote kwa jumla, lakini mtu ambaye ini lake linapimwa kila mwezi hana nafasi ya kuongeza kitu ambacho hakuna anayejua kilichomo.

Kwa wanawake kuna sharti jingine ambalo naliona halizungumzwi kwa uwazi unaostahili, pengine kwa aibu. Dawa zote za kundi hili la kuzuia endothelini huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa mimba kabla ya kuanza na wakati wa matumizi. Kisha bosentani huongeza kasi ambayo ini huvunja homoni za uzazi wa mpango, hivyo vidonge vya majira, sindano na hata vijiti vya mkononi haviwezi kutegemewa peke yake. Mdogo wangu alikuwa na vijiti na aliamini jambo hilo limekwisha. Aliporudi kliniki alielezwa na muuguzi, faraghani na kwa lugha ya heshima, akawekewa kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Ikumbukwe kwamba kwa mgonjwa mwenye tundu lililofika hatua niliyoieleza, mimba yenyewe huhatarisha uhai wa mama hata kama hatumii dawa yoyote.

Mapitio haya yasichukuliwe kuwa yanamfaa kila aliyeambiwa ana presha ya mapafu, kwa sababu duniani kote chanzo kikubwa cha hali hiyo ni ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo: presha ya kawaida iliyokaa miaka bila kutibiwa, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa hao bosentani haisaidii na inaweza kuwazidishia maji mwilini. Wenye mapafu yaliyoachwa na makovu ya kifua kikuu au kuharibiwa na moshi wana njia nyingine ya matibabu, na wenye damu iliyoganda mapafuni wana yao, wakati mwingine upasuaji. Wanaofaa zaidi ni wale ambao mishipa midogo ya mapafu yenyewe ndiyo yenye ugonjwa, ikiwa ni pamoja na baadhi ya wenye VVU, wenye ugonjwa wa tishu unganishi kama skleroderma, wenye matundu ya moyo, na wale ambao kichocho cha muda mrefu kimewafika mapafuni, jambo ambalo wenyeji wa kandokando ya Ziwa Victoria hawapaswi kulichukulia kuwa ni la vitabuni. Kipimo cha moyo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti, hukisia tu shinikizo. Kinachothibitisha ni katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi upande wa kulia wa moyo na kwenye mshipa wa mapafu. Huduma za katheta zipo jijini, ikiwamo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili. Kuanza dawa ya laki kadhaa kwa mwezi kwa kutegemea eko peke yake ni kuruka hatua ambayo ingeweza kuonyesha kwamba dawa hiyo haihitajiki.

Kuhusu dawa nyingine za kundi hili nitasema machache. Ambrisentani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, humezwa mara moja kwa siku na hulisumbua ini kwa nadra zaidi, ingawa huvimbisha miguu na kuziba pua. Wenye ugonjwa wa mapafu kuwa na makovu yasiyo na chanzo kinachojulikana hawaruhusiwi kuitumia. Masitentani, ya mwaka 2013, nayo ni kidonge kimoja kwa siku, na katika utafiti wa SERAPHIN wa wagonjwa 742 ilipunguza uwezekano wa ugonjwa kuzidi, ila hushusha wingi wa damu. Sitaksentani iliondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya kusababisha vifo kwa kuharibu ini, na yeyote atakayeuziwa leo asiinunue.

Wengi huchanganyiwa bosentani na sildenafili, ambayo ni rahisi kupatikana na ambayo, kwa kuwa inajulikana mjini kwa kazi nyingine, ile ya nguvu za kiume, humfanya dada mgonjwa atazamwe kwa kicheko kaunta. Mchanganyiko huo una udhaifu wake: bosentani hupunguza kiasi cha sildenafili katika damu kwa zaidi ya nusu, na utafiti wa COMPASS-2 haukuonyesha kwamba kuongeza bosentani juu ya sildenafili kulipunguza vifo na kuzidi kwa ugonjwa. Kinyume chake, ambrisentani ikianzishwa pamoja na tadalafili, dawa ya jamii moja na sildenafili, katika utafiti wa AMBITION, uliochapishwa mwaka 2015, ilipunguza kushindwa kwa matibabu kwa takriban nusu ikilinganishwa na dawa moja moja. Kwa hiyo mgonjwa asiye na tundu la moyo, ambaye daktari wake anakusudia dawa mbili tangu mwanzo, ana sababu nzuri ya kumwuliza kuhusu ambrisentani badala ya bosentani. Mwenye selimundu ana tahadhari yake pia, kwa kuwa utafiti mmoja mkubwa wa sildenafili kwa wagonjwa hao ulisimamishwa mapema baada ya maumivu yao kuongezeka.

Vidonge tunavyopata vimetengenezwa India na si vya jina la Tracleer. Ni vya rangi ya chungwa iliyopauka, vimepakwa utando laini na havina ladha mbaya. Orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, inaweza kutazamwa mtandaoni, na mimi hulinganisha jina la mtengenezaji na namba iliyoko kwenye boksi kabla ya kulipa. Upatikanaji ni kasoro kubwa kuliko ubora wake: kuna wakati dozi ya 125 inaadimika, duka likakupa ya 62.5 mara mbili, jambo linalokubalika kwa hesabu lakini linalopandisha bei. Wenye bima waulize mapema kama kifurushi chao kinaigharamia, kwa jina la dawa na kwa dozi, wasiridhike na jibu la jumla kwamba magonjwa ya moyo yamo. Ikilazimu kuiacha, maelezo ya dawa yanashauri dozi ipunguzwe hadi nusu kwa siku tatu hadi saba badala ya kukatizwa ghafla, kwa hiyo boksi la pili linapaswa kuwa limenunuliwa kabla la kwanza halijafika nusu.

Bei ya lile duka lenye viyoyozi iko chini kidogo, na lipo karibu na ninapofanyia kazi. Kwa mama mfamasia ni lazima nipande daladala mbili, na akiwa hana akiba huniambia nisubiri. Ndiko ninakonunua.